Stoo Iliyojaa na Stoo Inayolipa



Barua ya Kamati iliniomba nieleze maana ya maneno yaliyomo katika karatasi iliyoletwa na wanachama wenzetu wanaoishi ng'ambo. Kama mjuavyo, wenzetu hao wanapendekeza kwamba sehemu ya Mfuko wetu wa Karo itiwe katika biashara ya stoo za kupanga mjini Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Karatasi yenyewe ina kurasa 9, na hakuna ukurasa usio na asilimia. Mimi nilifanya kazi ya umeneja katika stoo za namna hiyo, mjini humo humo, tangu 2013 hadi 2024, basi Ndugu Katibu akaona mzigo huu ni wangu. Kura itapigwa kesho saa nne. Sikuja kumwambia mtu apige kura gani. Nimekuja kueleza maneno, na katika kuyaeleza itanilazimu kukiri jambo moja ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Nianze na stoo tunayoijua sote. Kila bweni letu lilikuwa na stoo ya masanduku, na ufunguo alikaa nao kiranja. Sanduku la bati lilipakwa jina kwa rangi nyeupe, likapangwa juu ya jingine hadi darini, na mwenye sanduku la chini alikuwa na taabu yake kila Jumamosi. Sasa ichukueni stoo ile, muigawe katika vyumba vidogo vidogo 500, kila chumba kiwe na mlango wa bati unaovutwa juu, kila mtu atie kufuli lake mwenyewe, halafu adaiwe pango kila mwezi. Hiyo ndiyo biashara tunayoizungumzia. Hakuna anayelala humo. Ni vitu tu vinavyolala. Chumba kidogo kina futi 5 kwa 5, cha wastani kina futi 10 kwa 10, na kikubwa futi 10 kwa 20, ambacho humeza vitu vya nyumba nzima. Mkataba ni wa mwezi hadi mwezi. Mpangaji akitaka kuondoka anaondoka, na mwenye stoo akitaka kupandisha pango anapandisha.

Biashara hii si ya jana. Kampuni ya Public Storage ilianza 1972 katika mji wa El Cajon, California, na Extra Space Storage ilianza 1977. Leo Marekani ina mahali zaidi ya 50,000 pa namna hiyo, na ukijumlisha sakafu zake zote unapata futi za mraba zaidi ya bilioni 2. Gawanyeni kwa watu wa nchi ile, wakiwamo watoto wachanga, na kila mmoja atapata kiasi cha futi 6. Watu huniuliza Wamarekani wanaweka nini humo. Wenyewe katika kazi ile wana jibu la mambo manne: kifo, talaka, kuhama, na kuhamia nyumba ndogo kuliko ya kwanza. Kwa miaka 11 niliyokaa mlangoni, sikuona wengi walioingia kwa sababu nje ya hizo, ila mwaka wa mafuriko, nitakaoutaja.

Neno la kwanza katika karatasi yetu, na ndilo lililoandikwa kwa herufi nene, ni kwamba stoo inayouzwa imejaa asilimia 90. Ndugu zangu, hapo yafaa tusimame kwa muda, maana kujaa kuna namna tatu, na karatasi haisemi ni ipi.

Nimetunga mfano. Si hesabu za stoo tunayoletewa, maana hizo sijaziona. Tuseme stoo ina vyumba 500 vyenye jumla ya futi za mraba 50,000, na bei ni dola 1 na senti 20 kwa futi kwa mwezi. Kwa kweli chumba kidogo hutozwa zaidi kwa futi kuliko kikubwa, lakini tuwe na bei moja ili hesabu itembee. Kama kila chumba kingekuwa na mtu, na kila mtu akalipa bei hiyo kamili, mwezi ungeleta dola 60,000. Hizo ndizo fedha za juu kabisa zinazowezekana.

Sasa vyumba 450 vina kufuli la mpangaji. Huko ni kujaa kwa vyumba: asilimia 90. Lakini vile 50 vilivyo wazi ni vile vikubwa, vya futi 200 kila kimoja, kwa hiyo futi 10,000 zimelala bure. Kujaa kwa eneo ni asilimia 80. Haya, futi 40,000 zenye watu zingeleta dola 48,000. Kati ya hizo, dola 3,000 zimesamehewa wapangaji wapya waliovutwa kwa punguzo la mwezi wa kwanza. Dola 4,500 ni za watu ambao vitu vyao vimo lakini wao hawajalipa. Dola 1,500 hazipo kwa sababu wapangaji kadha waliingia zamani kwa bei ya chini kuliko ya sasa. Zinazofika benki ni dola 39,000. Gawanyeni kwa 60,000: asilimia 65. Huko ni kujaa kwa fedha.

Stoo ni moja, mwezi ni mmoja, na tumepata 90, 80 na 65, na hakuna hata moja iliyo ya uongo. Mwalimu wetu wa hesabu, aliyeketi pale mbele, alizoea kutuambia tuandike kipimo mbele ya jibu, na aliyeacha kuandika kilo au mita alikatwa maksi. Karatasi hii ingekatwa maksi.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo penye ungamo langu. Mwaka 2019 tajiri niliyemfanyia kazi aliamua kuuza stoo yake. Alikuwa mtu mmoja binafsi mwenye stoo mbili tatu, wala si kampuni kubwa, na jina lake nalihifadhi. Wakati huo nilikuwa na vyumba vingi ambavyo wenyewe hawajalipa kwa miezi minne, mitano, hata saba. Kwa desturi tungekwisha viuza vitu vyao kwa mnada na kuvirudisha vyumba sokoni. Tajiri akaniagiza nisubiri. Minada yote isimame hadi mauzo yaishe. Sababu niliijua bila kuambiwa: chumba chenye vitu, hata kama mwenyewe amekwisha toweka, kinahesabika kimejaa. Nikaandika taarifa ya asilimia 93, nikatia sahihi.

Wanunuzi walikuwa ndugu watatu wa familia moja, wahamiaji kama mimi, wawili wauguzi na mmoja dereva wa lori. Walikuja kuitazama stoo siku ya Jumapili wakiwa na nguo za kanisani. Yule dereva aliniuliza, "Kaka, ni kweli imejaa namna hii?" Nikamjibu kwamba taarifa ndiyo hiyo. Sikusema uongo, nilijiambia hivyo njiani nikirudi nyumbani, maana kila chumba nilichokihesabu kilikuwa na vitu ndani. Walinunua kwa mkopo wa benki. Walipofanya minada iliyocheleweshwa, kujaa kulishuka hadi 78 katika muda wa miezi minne, na riba ya benki haikushuka. Mwanzoni mwa 2021 waliuza kwa hasara, miezi michache tu kabla ya soko lote kupanda kupita lilivyowahi kupanda. Yule dereva bado ana namba yangu ya simu. Hunipigia wakati wa sikukuu, na hajapata kuniuliza.

Basi neno la pili ni deni la wapangaji. Ukiona taarifa ya kujaa, uliza papo hapo: kati ya hao waliomo, wangapi wamepita siku 30 bila kulipa, na wangapi wamepita siku 60? Sheria ya Texas humpa mwenye stoo haki ya kuvishikilia vitu vya asiyelipa, na baada ya kumpa taarifa, kuviuza kwa mnada. Kinachozidi deni ni mali ya mpangaji. Tangu 2010 kumekuwa na vipindi vya televisheni vinavyoonyesha watu wakinunua chumba kwa bei ya chini na kukuta hazina ndani. Mimi nilisimamia minada mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na aghalabu tulichokuta ni magodoro, nguo za watoto waliokwisha kuwa wakubwa na picha za harusi. Picha tulikuwa tukiziweka kando ofisini, kwa matumaini kwamba mwenyewe atazifuata. Mara nyingi mnada haulipi hata deni lenyewe. Faida yake ni kwamba chumba kinapata mtu mwingine.

Neno la tatu ni bei, nayo ni mbili. Kuna bei ya mlangoni, yaani ile anayotajiwa mgeni anayeingia leo, na kuna pango wanalolipa waliomo. Mtu akisoma bei ya mlangoni akadhani ndiyo mapato, atapotea. Na akisoma pango la waliomo akadhani ndilo soko, atapotea vile vile, kwa upande wa pili. Kampuni kubwa zina desturi ya kumwingiza mgeni kwa bei ya chini, halafu baada ya miezi michache kumpandishia, na kumpandishia tena. Wanajua kwamba kuhamisha vitu ni adha: ukodi gari, uite vijana wawili, upoteze Jumamosi nzima. Wengi hulipa tu.

Baada ya 2019 nilihamia stoo nyingine iliyomilikiwa na kampuni kubwa, ambayo nayo siitaji. Huko nilimkuta mama mmoja mjane aliyekuwa ameweka vitu tangu 2014 katika chumba cha futi 10 kwa 10. Vilikuwa zana za mumewe aliyekuwa seremala, kitanda, na masanduku ya vyombo. Aliingia kwa dola 79 kwa mwezi. Kila barua ya kupandisha iliyotoka ilikuwa na jina langu chini, ingawa bei iliamuliwa na programu ya kompyuta katika makao makuu na mimi niliiona siku ile ile aliyoiona yeye. Oktoba 2023 alikuwa amefikishwa dola 214. Wiki hiyo hiyo kijana mmoja alichukua chumba kilichopakana na chake, ukubwa ule ule, kwa dola 119, na mwezi wa kwanza bure. Mama alilisoma tangazo la bei mlangoni, akaja mezani kwangu akasema, "Mwanangu, nifafanulie. Kosa langu ni kwamba nimekaa?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilijaribu kumwombea ofisini apunguziwe, nikaambiwa anaweza kutoka na kuingia upya kama mgeni. Hakuwa na nguvu za kutoa vitu na kuvirudisha. Kabla ya Krismasi wajukuu zake walikuja na lori. Katika taarifa yangu ya mwezi alikuwa namba moja katika safu ya waliotoka.

Nimelieleza hilo kwa sababu ya hesabu pia, si kwa huruma peke yake. Kabla ya siku ile chumba chake kilihesabiwa kuleta dola 214, na mtu anayenunua stoo hulipia dola 214 hizo kama kwamba zitaendelea daima. Siku alipotoka, chumba kiliingiza dola 119. Kwa hiyo pale pango la waliomo linapozidi bei ya mlangoni kwa mbali, mapato mnayoonyeshwa yameshikwa na uvumilivu wa wapangaji wa zamani. Katika mfano wangu wa mwanzo waliomo walilipa chini ya bei ya mlangoni, na hiyo ni salama kidogo, maana kuna nafasi ya kupanda. Katika karatasi yetu, ukurasa wa 4 una pango la wastani la waliomo. Bei ya mlangoni haimo popote.

Hali hiyo ya bei mbili kuachana ilienea Marekani yote, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 2021 riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilikuwa kiasi cha asilimia 3, watu wakauza na kununua nyumba kwa wingi, na kila anayehama anahitaji mahali pa kuweka vitu kwa muda. Nyumba zilizokwisha kukaliwa ziliuzwa zaidi ya milioni 6 mwaka ule. Stoo za kampuni kubwa zikajaa zaidi ya asilimia 95 majira ya kiangazi. Kisha kuanzia Machi 2022 benki kuu yao ikapandisha riba mfululizo hadi Julai 2023, na riba ya mkopo wa nyumba ikakaribia asilimia 8 Oktoba ya mwaka huo. Mwenye nyumba ya riba ya asilimia 3 hakutaka kuiacha. Mauzo ya nyumba ya 2023 yakashuka hadi milioni 4 na kidogo, ambayo wakati huo yalikuwa machache kuliko mwaka wowote tangu 1995. Wageni wa stoo wakapungua, bei ya mlangoni ikaanguka, mahali pengi kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, na ili mapato yasianguke nayo, mzigo ukapelekwa kwa waliomo. Mama yule alikuwa mmoja wao.

Houston tulikuwa na somo la awali. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilileta mvua ambayo wenyeji hawakupata kuiona, nyumba zikaingia maji, na watu wakahitaji mahali pa kuweka kilichosalia wakati kuta zinakaushwa na kujengwa upya. Stoo yangu ilijaa hadi nikaandika orodha ya wanaongoja. Mtu aliyeitazama stoo ile Desemba 2017 angedhani imebarikiwa. Nyumba zilipotengenezwa watu wakachukua vitu vyao wakaenda. Kwa hiyo ulizeni kila mara: wameingia kwa sababu gani, na wanakaa muda gani?

Majira nayo yana mchezo wake. Wamarekani wengi huhama kati ya Mei na Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Kujaa hupanda miezi hiyo na kushuka wakati wa baridi. Julai hulinganishwa na Julai, Januari na Januari. Karatasi tuliyoletewa imelinganisha Julai na Februari iliyotangulia, ikaita tofauti hiyo maendeleo.

Kuhusu ushindani nitasema machache, ingawa ni jambo kubwa. Wastani wa taifa, zile futi 6 kwa kila mtu, haukusaidii, maana mtu havuki mji kwenda kuweka kochi. Soko la stoo ni duara la maili 3, labda 5. Ndani ya duara hilo uhesabu watu, uhesabu futi zilizopo, na zaidi ya yote uhesabu zinazojengwa. Stoo mpya huchukua kiasi cha miaka mitatu hadi ijae, na katika miaka hiyo hugawa miezi ya bure kwa kila apitaye, ikivuta chini bei za majirani wote. Kati ya 2016 na 2019 zilijengwa nyingi mno katika miji mingi, Houston na Dallas zikiwamo, na nilishuhudia bei yetu ya mlangoni ikishuka bila sisi kufanya kosa lolote. Texas ina ardhi tambarare na vizuizi vichache vya ujenzi, basi anayeona jirani anapata faida hununua kiwanja cha kando yake. Karatasi inasema mtaa ule hauna mshindani. Haisemi kama kuna kibali cha ujenzi kilichokwisha tolewa.

Yako maneno mawili yaliyonakiliwa kutoka taarifa za kampuni kubwa, na sijui kwa nini yametiwa humu, ila nitayaeleza. La kwanza ni stoo zilezile. Kampuni inayonunua stoo mpya kila mwaka mapato yake yatakua tu, hata kama kila stoo moja moja inadhoofu. Extra Space ilipoungana na Life Storage mwaka 2023, ikawa na stoo zaidi ya 3,500, na jumla ya mapato ikaruka. Anayetaka kujua hali ya soko huziacha zile mpya, akazitazama zile tu zilizokuwamo mwaka jana na mwaka huu. Ni kama shule yetu ilipoongezewa mkondo mmoja, mkuu wa shule akatangaza kwamba waliofaulu wameongezeka. La pili ni mapato kwa kila futi iliyopo, yenye mtu na isiyo na mtu. Hilo ni neno zuri, kwa sababu halidanganyiki kwa urahisi: ukijaza kwa kushusha bei linakuonyesha, na ukipandisha bei hadi watu wakatoka linakuonyesha pia. Katika mfano wangu ni dola 39,000 kwa futi 50,000, yaani senti 78 kwa mwezi, wakati bei ya mlangoni ni dola 1 na senti 20.

Sasa tufike kwenye fedha zenyewe. Mapato ya mfano wangu kwa mwaka ni dola 468,000. Toeni gharama: kodi ya serikali ya ardhi na majengo, ambayo Texas ni kali kwa kuwa jimbo halina kodi ya mapato ya mtu binafsi, bima, mishahara, umeme wa kupoza vyumba, matengenezo, matangazo. Tuseme dola 198,000. Zinabaki 270,000. Hilo ndilo pato halisi la uendeshaji. Angalieni: riba ya mkopo haijatolewa bado. Muuzaji hupenda kuishia hapo.

Bei ya stoo hutafutwa kwa kuligawa pato hilo kwa kiwango ambacho wanunuzi wa soko hilo wanakubali. Kama kiwango ni asilimia 6, stoo ina thamani ya dola milioni 4.5. Wakikubali asilimia 5, thamani inapanda hadi milioni 5.4, wakidai 7, inashuka karibu milioni 3.86, na hakuna kufuli hata moja lililoguswa. Lakini rudini kwenye ile asilimia 90. Tuseme mnunuzi ameamini kwamba 90 ni ya fedha. Atahesabu dola 54,000 kwa mwezi, 648,000 kwa mwaka; akitoa gharama zile zile atapata pato la 450,000, na kwa kiwango cha asilimia 6 atalipa milioni 7.5. Tofauti ni dola milioni 3, na imetokana na kutouliza ni kujaa kupi. Wale ndugu watatu wa 2019 walinunua kwa hesabu ya namna hiyo, na namba waliyoigawa niliiandika mimi.

Kisha benki. Mkopo wa dola milioni 3 kwa riba ya asilimia 4 unadai 120,000 kwa mwaka, na kwa pato la 270,000 zinabaki 150,000 za kugawana kabla ya kurudisha mkopo wenyewe. Kwa asilimia 7 riba ni 210,000, zinabaki 60,000. Ukurasa wa mwisho wa karatasi yetu unataja mkopo. Riba imeandikwa "kulingana na soko".

Nisije nikaeleweka vibaya. Wenzetu wa ng'ambo nawajua, wawili tulilala bweni moja, na sina shaka kwamba nia yao ni njema na kwamba wanatia fedha zao wenyewe pia. Stoo za kupanga si biashara mbaya. Zinaendeshwa na watu wachache, hazina bomba la maji kila chumba, na mpangaji hakupigii simu usiku. Mtu aliyenunua kwa hesabu sahihi mwaka 2011 au 2012 alifanya vizuri sana. Ila Mfuko wa Karo una vijana 14 mwaka huu, na dereva wa lori ana mshahara wa mwezi ujao, sisi hatuna.

Wiki iliyopita niliwapigia simu. Niliomba daftari la wapangaji la miezi 12, lenye kila chumba, ukubwa wake, tarehe ya kuingia, pango, na deni. Niliomba pia bei ya mlangoni ya stoo tatu za jirani. Bei za majirani waliniahidi kuzitafuta. Kuhusu daftari, walinijibu kwa upole kwamba muuzaji amesema atalitoa baada ya malipo ya awali. Niliuliza kama malipo hayo hurudishwa tukilipata daftari na tusiridhike. Jibu la hilo sijalipata hadi jioni hii.

Hesabu za mfano wangu nimemwachia Ndugu Katibu, pamoja na maswali ambayo mimi binafsi ningetaka yajibiwe kabla ya kura ya kesho. Nakala ziko kwenye meza ya chai, upande wa dirishani. Atakayeona kwamba nimekosea kugawanya mahali, mwalimu wetu wa hesabu hayuko mbali.